Risasi Iliyomkosa Mbweha wa Budimir

Budimir alikuwa ameinama kwenye benchi la mbele ya duka la Stamena, bunduki mapajani, anasukuma risasi kwa kidole gumba, na risasi haiingii. Aliizungusha, akaipuliza kama mtu anayepoza uji, akaisukuma tena. Wapi. Wenzake wawili walimtazama, vikombe vya kahawa mikononi, kama watu wanaomsubiri mwenzao amalize kujiaibisha ndipo waanze. Ilikuwa Oktoba, plamu zimeshachumwa, na kila ua kijijini ulikuwa unafuka moshi wa mitambo ya rakija, ile pombe kali ya plamu. Na huyu Budimir, aliyeendesha lori miaka ishirini na sita kutoka bandari za Ugiriki hadi kwenye theluji ya Norwe, aliyebandikwa jina la Dunia kwa sababu hakuna pembe ya dunia ambako hakuwahi kupotea njia, ndiye aliyekwenda mjini kwa basi la kwanza, akarudi kifua mbele na kasha zima la risasi zisizo za bunduki yake.

— Soma kasha, alisema Posta hatimaye.

Posta alikuwa Sretko, aliyegawa barua kijijini miaka thelathini, na aliamini kwamba matatizo yote ya binadamu yanatokana na kutosoma kilichoandikwa juu ya bahasha.

— Nimesoma. Kipimo ishirini na mbili. Bunduki yangu ni ishirini na mbili.

— Na neno linalofuata?

— Magnamu.

— Haya.

— Nilidhani ni jina la mwenye kiwanda.

Fundi aliichukua ile risasi, akaishika karibu na jicho. Huyu alikuwa Živojin, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha matrekta mpaka kiwanda kikafa, na tangu hapo hakuna kitu kijijini kinachopimwa bila yeye.

— Ndefu kuliko yako, alisema. Na nene kidogo. Unamvisha mtoto wa ubatizo suruali ya padri, Dunia. Umekwenda hadi Norwe kusoma nini?

— Vibao vya barabarani, alijibu Budimir. Na hivyo pia si vyote.

Walicheka. Yeye akacheka kuwazidi, maana ndivyo alivyozoea: akijicheka wa kwanza, wengine hubakiwa na makombo.

— Na hiyo bunduki isirudi tena kwenye benchi langu, alisema Stamena kutoka mlangoni, birika la kahawa mkononi. Hapa ni duka.

— Narudi nayo sasa hivi, Stamena. Nilitaka tu kujaribu.

— Sasa magnamu ya nini? aliuliza Posta. Unakwenda kuwinda tembo?

— Mbweha. Kuku kumi na wanne, wamebaki watano. Jana alfajiri nimemkuta mlangoni mwa banda, hatua arobaini, kasimama ananiangalia kama karani wa forodha. Nikapiga. Akaondoka zake kwa miguu, hata hakukimbia. Nikajua risasi zangu zimekuwa dhaifu.

Hakusema yaliyobaki. Alipofyatua alisikia risasi ikipita kwenye majani ya mplamu, halafu akangoja ule mlio mzito wa udongo kule bondeni. Haukuja. Kilichokuja ni ko, moja tu, kama mtu aliyebisha hodi kisha akaghairi. Tangu jana mlio huo ulikuwa umemkaa sikioni. Alikunywa nao kahawa, akalala nao, na asubuhi akapanda nao basi kwenda kununua risasi nyingine, maana kulaumu risasi ni kazi nyepesi kuliko kushuka bondeni kutazama.

Huko chini palikuwa na nyumba ya marehemu Ristić, tupu mwaka wa kumi na tisa. Kijiji kizima kililenga upande huo. Baba humfundisha mwanawe hivyo: piga kuelekea kwa Ristić, kule hakuna mtu.

— Ya kawaida inatosha, alisema Posta. Kila Novemba nguruwe wa kijiji hiki wanaangushwa kwa ile ile ndogo, moja ya paji la uso, na hujasikia nguruwe amelalamika. Mwenda pole hajikwai.

— Nguruwe anashikwa na watu wanne, alisema Fundi. Mbweha nani atamshika, wewe? Dunia, nunua bunduki ya kipimo kumi na saba. Risasi yake ni kama mbegu ya tufaha, lakini mwendo wake usipime. Mbweha anakufa kabla hajasikia kwamba amekufa. Na ikigusa kitu inavunjika vumbi, haiendi kutembea.

— Haraka haraka haina baraka.

— Methali hiyo ni ya wapishi.

— Ni ya kila mtu. Hiyo mbegu yako upepo unaichukua. Ukipiga chafya hapa, inatua Romania.

— Binamu yangu wa Slovenia alimpiga mbweha mita mia mbili akiwa anakunywa chai.

— Mbweha ndiye alikuwa anakunywa chai?

— Binamu.

— Mimi nasema tatizo si risasi, alisema Posta, akasogea mbele kwa sauti ya siri. Mbweha wa siku hizi wanazijua. Wanasikia kasha likifunguliwa, wanatambua hii ndefu, hii fupi, wanajua wasimame wapi. Yule wako alisimama vile kwa sababu ameshapiga hesabu.

— Basi amenizidi, alisema Budimir. Mimi hesabu yangu ilikomea kwenye kasha.

Stamena alikuwa akiwamiminia.

— Nyumba ya Ristić inatoka moshi, alisema. Wiki ya pili sasa. Binti yake amerudi na mzee mmoja, nadhani baba wa mume. Ananunua mikate miwili.

— Moshi ni wa rakija, alisema Fundi. Bonde lote moshi. Kama nilivyokuwa nasema, kumi na saba...

Budimir aliweka kikombe chini.

Mwanamke alikuwa anapanda kutoka njia ya bondeni, mabuti ya mpira miguuni, kitambaa kimefumbatwa mkononi. Alifika, akasimama mbele ya benchi, asiketi.

— Hamjambo.

— Hatujambo dada, karibu kahawa, alisema Posta.

— Ahsante, sikai. 

Alikifungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kipande cha risasi, kimebonyea kama harage lililokanyagwa. 

— Nimekichomoa kwenye fremu ya dirisha, upana wa kiganja kimoja tu juu ya kitanda. Nani alipiga jana alfajiri kuelekea bondeni?

Fundi alikipokea kwanza, kwa uso wa kazi.

— Hii huenda ni ya zamani. Tazama ilivyofubaa.

— Si ya zamani, alisema Posta. Ni ya kawaida, lakini ya kawaida ingefika huko imechoka.

— Inakwenda zaidi ya kilomita ile, imechoka wapi? Ndiyo maana nasema, ingekuwa kumi na saba ingevunjika kwenye jani la kwanza.

— Na magnamu je?

— Magnamu ingetoboa fremu ikaendelea.

— Mimi sikuuliza ni risasi gani, alisema yule mwanamke.

Posta akasoma kikombe chake kama bahasha isiyo na anwani. Budimir alitafuta neno la kuchekesha. Maneno hayo yaliwahi kumvusha mipaka kumi na moja, usiku na mchana, na sasa hakuona hata moja.

— Mimi, alisema.

Akasimama, bunduki mkononi, hajui aiweke wapi.

— Nilikuwa namlenga mbweha. Nilidhani nyumba ni tupu, siku zote tumekuwa... Dirisha nitalitengeneza leo, dada. Leo hii hii.

— Dirisha liache. Mzee ana miaka themanini na tatu, tangu jana yuko chini ya kitanda, anasema vita vimerudi. Nimemwambia havijarudi, haniamini. Hiyo bunduki mpe huyu mama wa duka aifungie, halafu twende umwambie wewe.