Mama Valérie na Mashine Iliyoushikia Moyo Wake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Valérie, muuza kabichi wa Kibumba. Vita vilimtoa shambani, vikamleta hapa mjini, mtaa wa Ndosho, pamoja na mumewe, Papa Darius. Kabichi hakuziacha. Alizinunua kwa wengine, akaziuza huku akilalamika kwamba hazina utamu kama zake. Mdomo alikuwa nao, mama huyo.

Moyo wake ndio ulikuwa mgonjwa. Vali moja, yaani mlango mdogo wa kupitishia damu, ilikuwa imeharibika. Wafadhili walijitolea kumpeleka nje ya nchi apasuliwe, lakini aliogopa. Darius ndiye aliyembembeleza mpaka akakubali, wakasafiri pamoja. Lishikeni hilo, maana lilimtesa sana baba huyu.

Vali ilibadilishwa vizuri. Lakini moyo, wasikilizaji, ulishindwa kurudia kazi yake. Madaktari wakamuunganisha na mashine. Ilitoa damu, ikaipa hewa, ikairudisha mwilini.

"Haitibu," daktari alimwambia Darius. "Inaupumzisha moyo tu, tukingoja uamke."

Walingoja. Moyo haukuamka. Figo nazo zikachoka, na daktari akaomba ruhusa ya kuizima mashine.

Darius alikataa. Mkono wa mkewe ulikuwa bado na joto. Tena, katika familia yao, mume hasemi neno kama hilo peke yake. Huulizwa kwanza aliyemwoza binti. Huyo ni baba mdogo wa Valérie, Muzee Anastase, na mapigano yalikuwa yamemkimbiza, haijulikani aliko. Ndipo Darius akatuomba kwa simu, nasi tukasoma tangazo, hapa hapa redioni: Muzee Anastase wa Kibumba, popote ulipo, mpigie Darius kwa namba hii. Tukalirudia asubuhi na jioni.

Alilisikia kambini Kanyaruchinya, kwenye redio ya jirani. Akaazima simu.

"Muzee, ni mimi nilimusukuma aende," Darius alisema akilia. "Yeye hakutaka."



"Nilikupatia mutoto, ukamutunza," Muzee akasema. "Ulimutafutia dawa mpaka mbali. Sina neno na wewe. Sasa umuache apumuzike."

Darius alimshika mkewe mkono, na mashine ikazimwa.

Tunaipa familia yote pole nyingi, Mungu awatie nguvu. Nanyi mlio na mgonjwa nyumbani, zungumzeni naye angali anasema. Muulizeni anataka nini, na nani amsemee akishindwa.

Matanga yako Ndosho. Muzee Anastase ameketi bega kwa bega na Darius. Kila anayekuja kumpa mkono, mzee humwelekeza pembeni yake.

"Anza na huyu," anasema. "Naye ni mutoto wangu."