Nilimzika Baba Yangu Akiwa Hai

Bwana asifiwe! Na asifiwe tena, maana hiyo ya kwanza mmeitika kama watu ambao bado wanaongoja chai.

Mimi naitwa Fridah Mmbone, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na ndimi katibu wa kikundi hiki cha wanafunzi wanaojitolea. Wengi wenu mnaniona kila Jumamosi nikipita na karai na sabuni. Wanafunzi wenzangu, habari hii mnaijua, nivumilieni. Lakini leo tunafunga muhula pamoja na wazee wetu wa Shauri Moyo, na wazazi waliotoka Njiru na Buruburu, na asubuhi hii kuna jambo wengine wenu mmeliona. Kiongozi alipoomba waliofiwa na mzazi wasimame waombewe, mimi niliinuka nusu, kisha nikaketi. Mama mmoja hapo nyuma akamnong'oneza mwenzake. Nilikusikia, mama! Sina neno nawe. Ngoja nikwambie kwa nini niliinuka, na kwa nini niliketi.

Ndugu zangu, mimi nilimzika baba yangu akiwa hai.

Baba alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ya kumpeleka mtoto shule ya bweni. Alikuwa na kibanda chake karibu na Gikomba, na nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana siku za likizo. Alikuwa akiniwekea ribiti ya mwisho ya sanduku, kile kipini kifupi cha kuunganisha bati, ananipa nyundo na kusema, "Hiyo piga wewe." Nikipiga, anawaambia mafundi wenzake kwamba sanduku hilo ni langu na yeye alinisaidia tu.

Nilipokuwa darasa la sita aliondoka nyumbani kwetu Njiru. Hakugombana na mama, hakutuaga. Pombe ilikuwepo, na baadaye tukasikia kwamba mwanamke mwingine pia alikuwepo. Mama akabaki na sisi watatu na meza yake ya mboga. Mwaka nilioingia kidato cha kwanza, kila msichana aliteremka langoni na sanduku lake. Mimi niliteremka na gunia la nailoni limefungwa kwa kamba. Binti wa fundi wa masanduku, na gunia! Nilikasirika siku hiyo, na hasira ile nikaitunza vizuri kuliko nguo zilizokuwa ndani.

Basi nikafika chuoni. Jioni ya kwanza ya ushirika wa maombi, msichana aliyeketi kando yangu, jina lake Sheila, akaniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikamjibu, "Alifariki." Neno moja tu! Sikulipanga. Sheila akanishika mkono, macho yamemjaa machozi, akaniambia hata yeye hana baba. Kiongozi alipowaita mbele waliofiwa, akanivuta twende pamoja. Nikawekewa mikono, nikaombewa, nikakumbatiwa na watu nisiowajua.

Na ndugu zangu, niseme ukweli mbele za Mungu: nilipenda! Aliyefiwa hupewa pole. Aliyeachwa hupewa maswali. Mtu akijua baba yako alitoroka, anaanza kumtazama mama yako kutoka kichwani hadi miguuni akitafuta kosa. Lakini marehemu hana wa kumsengenya.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, miaka miwili na ushee, tena ina kona nyingi. Watu waliuliza alikufa na nini, nikamchagulia ugonjwa wa sukari. Wakauliza alizikwa wapi, nikampeleka Kakamega na kumnyeshea mvua siku ya mazishi. Kwetu mzee wa heshima akifa, madume ya ng'ombe hupitishwa kaburini. Nikamletea hata ng'ombe! Kila muhula kiongozi akisema waliofiwa wasimame, mimi nilikuwa wa kwanza kusimama, na Sheila alikuwa akinishika mkono.

Sasa sikieni jinsi Mungu anavyofanya kazi yake. Mwaka wa pili mlinichagua kuwa katibu. Kazi yetu ya Jumamosi mnaijua: tunaingia kwa wazee na wagonjwa, tunafua, tunateka maji, tunapika uji, tunakata kucha. Nikaona wanafunzi wanachagua nyumba. Kila mtu alitaka kwenda kwa bibi yule anayecheka na kukaanga mandazi, na hakuna aliyetaka nyumba yenye harufu au yenye mzee mkali. Nikasema hapana. Nikatunga sheria: namba za nyumba ziandikwe kwenye karatasi, zitiwe kwenye sufuria, wawili wawili wachague bila kutazama, na nyumba uliyoipata ni yako muhula mzima. Karatasi haibadilishwi! Mwenzetu mmoja alipata nyumba yenye mbwa, akalia. Nilimwambia karatasi haibadilishwi, azoeane na mbwa. Mnanijua, mdomo ninao.

Muhula huu nikachagua karatasi pamoja na Otis, huyu kijana wetu wa Buruburu anayesomea uhandisi na ambaye ulimi wake haujui siku ya mapumziko. Karatasi yetu ilikuwa na namba ya nyumba hapa Shauri Moyo, na maneno machache: mzee, kiharusi, anaishi peke yake. Jirani akatuonyesha mlango, akasema hapo ni kwa Fundi. Nairobi ina mafundi wengi, sikushtuka.

Otis akatangulia kuingia. "Niaje mzee wetu! Sisi ni wanafunzi, tumekuja kukusaidia kazi ndogo ndogo."

Mimi nyuma yake na karai. Nikamwona mzee ameketi juu ya sanduku la bati, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo alioachiwa amshikie mtu. Kabla hajainua uso nilimjua, kwa masikio. Masikio haya mnayoyaona kwangu ni yake! Akanitazama. Nikawahi kusema, "Habari yako, mzee. Naitwa Fridah. Mimi ni mwanafunzi."

Nilimwita baba yangu mzee, kama mpita njia. Midomo yake ikacheza, kisha akasema polepole kwa ulimi ule uliokuwa mzito, "Karibuni, wanafunzi." Alikuwa ameelewa. Sikumwambia kitu, lakini alielewa kwamba hapa hajulikani, na akakubali.

Siku hiyo hiyo nilimfuata mwenyekiti wetu, nikamwomba anibadilishie nyumba. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Katibu," akasema, "karatasi haibadilishwi."

Basi Jumamosi baada ya Jumamosi nikamfulia baba yangu nguo kwa hasira. Shati moja nililikamua mpaka kifungo kikaruka. Yeye hakuniuliza lolote. Kila tulipoondoka alisema, "Asante, mwanafunzi." Siku moja alimuuliza Otis kama wazazi wake hawajambo, na Otis akaeleza mpaka habari za shangazi zake. Ndipo baba akanigeukia mimi, akitazama sakafu. "Na wewe, mwanafunzi, mama hajambo?" Nikasema hajambo. Akaitikia kwa kichwa. Niliona kwamba swali lile la Otis lilikuwa njia tu ya kufikia hili langu, na moyo wangu ukaniuma, lakini nikaufunga.

Sasa kukatokea jambo. Muuguzi mmoja anayetembelea wagonjwa alimpima baba, akasema mguu ule na mkono ule bado vina matumaini akianza mazoezi mara moja. Akichelewa, viungo vitakauka, na hatatembea tena. Kulikuwa na kliniki karibu iliyokuwa tayari kumpokea. Sharti lilikuwa moja: awepo jamaa wa kutia sahihi na kumfikisha mara mbili kwa wiki. Otis akaja na fomu, akaketi chini na kalamu yake, akaanza kumuuliza jina, umri, anakotoka. Mimi nilikuwa nimechutama kwenye karai.

"Jamaa wa karibu," Otis akasoma. "Mzee, uko na watoi?"

Kusikia habari za watoto, mikono yangu ilisimama ndani ya maji. Ndugu zangu, nilikuwa nimeshajiandaa! Kama angeninyooshea kidole, ningesema kiharusi kimemchanganya akili. Nilikuwa nayo sentensi hiyo kwenye ulimi, tayari, dhidi ya mzazi wangu mgonjwa! Ndivyo nilivyokuwa, mimi katibu wenu wa huduma.

Baba akautazama ukuta. "Sikujaliwa," akasema. "Andika hakuna."

"Lakini mzee, bila jamaa hawatakuchukua."

"Basi wasinichukue. Nimezoea kuketi."

Nikachukua karai nikatoka nje kumwaga maji ambayo yalikuwa bado safi. Nilisimama kando ya mtaro. Nilimuua baba yangu ili nisiaibike, na sasa yeye amekubali kubaki maiti ili nisiaibike. Alikuwa anautoa mguu wake! Nikaomba, na ombi langu halikuwa zuri. Nilisema, "Bwana, huyu mtu alituacha. Sitaki." Sitawadanganya kwamba nilisikia sauti kutoka mbinguni. Nilisikia nyundo za mafundi kutoka upande wa Gikomba, zile zile za siku zote. Nikamkumbuka akinipa nyundo, akisema hiyo piga wewe. Nikalia pale pale, karai mkononi, watoto wakinitazama.

Nikarudi ndani. Nikasema, "Otis, futa hapo. Andika Fridah Mmbone. Ni baba yangu."

Otis aliacha kuandika. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akatazama masikio. Kisha akasema, "Na si ulisema buda yako alidedi?"

"Nilidanganya," nikasema. Neno hilo lilikuwa dogo sana kulitamka, na nilikuwa nimeliogopa miaka yote hiyo!

Msidhani nilimkumbatia. Hasira haitoki kwa siku moja kama doa la chai. Nilimuuliza kwa ukali kwa nini hakurudi. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuweza kuyafuta vizuri kwa mkono mmoja. Akaniambia, "Ni aibu, mwanangu. Siku ya kwanza ilikuwa ndogo. Niliilaza nikitumaini itaisha, ikaamka kubwa. Kila siku hivyo." Nilimwelewa, kwa sababu ndivyo uongo wangu mimi ulivyokua.

Ijumaa nilisimama katika ushirika nikaungama mbele ya wote. Niliogopa mtanicheka, mtanivua ukatibu. Hamkunicheka. Lakini Sheila alitoka nje. Kwa majuma mawili hakunisalimu, na alikuwa na haki, maana baba yake yeye amekufa kweli, na mimi nilikuwa nimeazima kilio chake bila kumwomba. Nilimwendea nikapiga magoti. Juma la tatu alifika Shauri Moyo na unga wa uji, akamwambia baba, "Mzee, mimi nilishakulilia sana, sasa naomba unywe." Baba akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Mama nilimwambia akiwa anakata sukuma pale kwenye meza yake Njiru. Hakuinua kichwa. Alikata, akakata, kisha akauliza, "Nani anampikia?" Hawajarudiana, na siwezi kuwaambia watarudiana, kwa sababu kazi ya kudanganya nimeiacha. Mama yuko hapa leo, ameketi upande ule mwingine. Mambo yao ni yao. Mimi Mungu alinitendea yangu: alinitoa katika kifungo cha uongo, na ile hasira inapungua. Jumanne na Alhamisi nampeleka baba kliniki, na sasa anatoka mlangoni mpaka kwenye mfereji wa kuteka maji kwa fimbo yake, mwenyewe!

Nawashukuru, wenzangu, kwa kunishikilia sheria yangu mwenyewe. Na ndugu yangu uliyeketi hapa, kama kuna mtu umemzika na bado anapumua, nakusihi, mweleze Mungu. Sikwambii urudi kukaa na anayekupiga. Sikwambii useme hakukukosea, maana wangu alinikosea. Nakwambia tu uache kusimama juu ya kaburi lisilo na mtu. Ukweli unauma kuutamka mara moja, lakini uongo unakudai kila siku. Njoo ulivyo. Huyu Bwana ninayemshuhudia hakungoja niombe vizuri ndipo anisikie.

Sasa, mama uliyenong'ona, jibu lako hili hapa. Asubuhi hii kiongozi aliposema waliofiwa na mzazi wasimame, miguu yangu ilisahau. Ilikuwa imezoea! Ikaniinua yenyewe. Na mzee aliyeketi kando yangu, huyu hapa mwenye fimbo, akauleta mkono wake wa kulia, ule uliokuwa hausikii, polepole, akaniwekea gotini. Akasema, "Keti, Fridah. Mimi nipo."

Nikaketi.