Kisu Namba Kumi na Tisa: Maisha ya Marehemu Mzee Valentino Ngassa, Mfua Visu wa Chemchem

Marehemu Mzee Valentino Ngassa alizaliwa Usoke, wilayani Urambo, tarehe 14 Februari 1952, akiwa mtoto wa tatu wa mkulima wa tumbaku. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Usoke kuanzia mwaka 1961 hadi 1967. Mwenyewe hakujisifia madaftari. Alikuwa akisema shule yake ya kweli ilikuwa mvukuto wa mjomba wake Leodgar, mhunzi wa majembe, na kwamba huko ndiko alikochapwa kwa haki.

Mwaka 1970 alikuja Tabora mjini, akapata kazi kwenye karakana ya malori. Springi zilizokatika, ambazo wenzake walizitupa, yeye alizibeba nyumbani na kuzifua visu. Mwaka 1979 alifungua kibanda chake Chemchem, na hakukihama tena.

Tarehe 24 Septemba 1977 alifunga ndoa takatifu na Eustadia, binti wa wakulima wa Kipalapala. Wakiwa bado wachumba alimpelekea kisu chenye ncha nyembamba, maridadi kwelikweli. Baada ya wiki mbili kilirudi hakina ncha, kwa sababu binti alikuwa amekitumia kubandua mfuniko wa debe. Fundi aliuliza, kwa ukali kidogo, amekifanyia nini kisu chake. Eustadia alijibu, “Nilikitumia.” Mzee alilicheka jibu hilo miaka yote, ingawa alichelewa sana kulielewa.

Mwaka 1998, msimu wa asali ukikaribia, warina asali wa Usoke walimwagiza visu thelathini na kimoja. Walitaka makali ya kudumu na ncha ndefu ya kupenya kwenye mfuniko wa mzinga. Aliwapa walichotaka. Alikizimisha chuma majini kikiwa chekundu, kikawa kigumu, lakini kwa haraka ya msimu hakukirudisha kwenye moto mdogo, ule unaokilegeza kidogo ili kisivunjike. Kila kisu alikigonga namba karibu na mpini, akavipeleka kwa treni huku akijiona fundi wa mafundi.

Mwezi Julai mrina asali mmoja, Ambrosi, alifika Chemchem mkono ukiwa umefungwa shingoni. Alikuwa juu ya mti akibandua mfuniko wa mzinga, ncha ikakatika, mkono ukateleza naye akaanguka. Hakuja kugombana, alikiweka kisu mezani tu. Tusimpambe marehemu kwa uongo: jambo la kwanza alilosema ni kwamba kisu si tindo.

“Fundi,” Ambrosi alimwambia, “kule juu sina tindo. Nina mkono mmoja na kisu.”

Mama Eustadia, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, hakunyanyua hata macho. Alisema, “Amekitumia.”

Marehemu alichukua kisu kingine kilichobaki kibandani cha chuma kile kile, akakibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, na kukivuta pembeni. Kilikatika kama muhogo mkavu. Akakaa chini, na Ambrosi ametusimulia kwamba fundi alilia kabla ya kuomba radhi.

Siku ile angeweza kumpa Ambrosi kisu kipya, yakaishia hapo. Badala yake alifunga kibanda. Kwa wiki tatu alizunguka vijiji vya Usoke kwa baiskeli akikusanya visu vyake, na Jumapili aliomba nafasi kanisani, wakati wa matangazo, akasimama mbele ya watu wa kwao na kusema visu vile ni vibovu na kosa ni lake. Jina lake ndilo lililokuwa likilisha watoto, naye alijua anaweza kulipoteza pale pale. Hakulipoteza. Tunawashukuru watu wa Usoke kwa hilo, na tunamshukuru zaidi Ambrosi, ambaye leo ni mmoja wa wabeba jeneza.

Visu vipya vilikuwa na ncha fupi, na mgongo mnene ulioshuka taratibu hadi kwenye ncha. Kila kimoja alikirudisha motoni hadi chuma kikageuka rangi ya asali, akakivuta kwenye jiliwa kabla ya kukitoa. Tangu hapo mteja aliyeleta kisu kilichovunjika alipewa kiti, na aliulizwa neno moja tu: alikuwa akifanya nacho kazi gani. Vilirudi visu thelathini. Namba kumi na tisa haikuonekana, na kisu cha kufidia hicho kilining'inia ukutani kwake miaka ishirini na sita.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2021. Tarehe 20 Februari 2025 alilazwa hospitali hapa mjini, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole. Siku mbili kabla ya kututoka alimshika mkono mwanawe Adriano akamwambia, “Kimebaki kimoja.” Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Mama Eustadia. Watoto watatu, Adriano, Theodora na Kabula. Wajukuu tisa na kitukuu mmoja.

Wasifu huu ulikuwa uishie hapo. Lakini jana mchana aliingia msibani Bibi Yustina wa Usoke, akiwa na kitu kimefungwa kwenye kanga. Alisema marehemu mumewe alikipenda mno kisu kile, akakificha wakati wa kukusanya, na wao walikatia mboga tu, hakikuvunjika. Aliposikia tangazo la kifo alipanda treni akilete kwa mwenyewe. Karibu na mpini kimegongwa kumi na tisa. Adriano alitungua kile cha ukutani, akampa Bibi Yustina kwa mikono miwili, na Mama Eustadia akalia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Mzee Valentino, hakijabaki hata kimoja. Pumzika.