Kaburi Tupu la Mika

Benchi la jiwe mbele ya duka la kinyozi mjini Megara lilishajaa, na jagi la divai likizunguka. Mnasoni alikaa ncha ya benchi, kikombe hajakigusa. Binti yake Mika alichukuliwa na maharamia ufukweni, na kila mwaka, siku kama ya leo, mkewe alikwenda na wanawake wenzake kwenye Mwamba wa Kuita, pale Demetra, mungu wa kike wa nafaka, alipomwita binti yake atoke kuzimu. Wenzake waliliita jina la binti wa mungu, yeye aliita, “Mika.” Mwaka huu amesema sauti imekwisha. Anataka kaburi, japo tupu. Kesho jiwe linasimamishwa, na aliyezikwa haitwi tena mwambani.

— Yule binti wa Demetra ni mbegu tu, alisema Mafunjo, aliyewahi kusikiliza walimu Aleksandria mwezi mmoja, na mji mzima ukalipia kwa masikio. Kiangazi twaifukia shimoni, wakati wa kupanda twaitoa. Wazee walikosa maneno, wakatunga hadithi.

— Toka hapa, alisema Wembe, kinyozi mwenyewe. Mbegu ina mama? Alikuwa binti wa malkia. Mfalme mwenye migodi akamwiba, akamficha chini huko. Watu wakaja kuwasujudia baadaye. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo imeingiaje, ndugu yangu?

— Imeingia, ikakaa. Na yule mbwa wa kuzimu mwenye vichwa vitatu alikuwa mtoza ushuru.

— Vitatu?

— Kimoja cha kudai, kimoja cha kubweka, kimoja cha kula.

Wakacheka. Mnasoni hakucheka. Alimwomba Demetra moyoni amsamehe kwa kukaa hapo akisikiliza.

— Kwa hiyo hakurudi, alisema.

— Mbegu hurudi, Mnasoni, alijibu Mafunjo, sasa kwa upole. Ila si ile ile.

Mgeni kutoka Thebe, nusu ya ndevu imenyolewa, akageuza shingo.

— Samahani, wazee. Huyo mama, Demetra, alichoka kuita lini?

Mafunjo akatazama jagi. Wembe akafuta wembe uliokwisha kufutwa. Kutoka upande wa mwamba sauti za wanawake zilianza kusikika, moja moja.

Mnasoni akasimama.

— Wembe, ndugu yangu, mwambie mkeo ampitie mama Mika sasa hivi. Wakifika mwambani, aanze mkeo kumwita Mika. Mke wangu atafuatia.