Ngamia wa Kuazima: Miaka Kumi na Tisa ya Bi. Madino Abdikarim

Garissa, Jumanne, tarehe 20 Julai 1999. Kamati ya Shirika la Rajo imeniomba niandike wasifu wa Bi. Madino Abdikarim kwa ajili ya sherehe ya kumuaga, nami naahidi kueleza yote, hata yale aliyoniomba mwenyewe niyaruke. Jina langu ni Yurub, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Nimechaguliwa kwa sababu mimi ndiye humwandikia barua zake kila Jumamosi.

Bi. Madino anastaafu tarehe 31 mwezi huu, baada ya kulitumikia shirika kwa miaka kumi na tisa. Hapa ofisini sote humwita Eddo, yaani shangazi. Hata mlinzi humwita hivyo, ingawa amemzidi umri kwa miaka mitano.

Alianza kazi mwaka 1980 kama mpishi wa chai. Wakati huo Rajo lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la mifugo, na kazi yake ilikuwa ile ile ya leo: kuwasaidia wanawake wa mkoa wetu wenye saratani ya matiti wafike Nairobi, watibiwe, na wapate pa kulala wakiwa huko. Wagonjwa walitoka mbali, hata Buna na Elwak. Eddo alikuwa akiwamiminia chai na kuwasikiliza. Aligundua kwamba karibu wote walikuwa wameujua uvimbe wao kwa mwaka mzima au zaidi, na hawakumwambia mtu.

Mwaka 1984 shirika liliandaa harambee yake ya kwanza. Mshereheshaji aliona haya kutaja titi mbele ya wazee, akatangaza kwamba tunachangia mambo ya kina mama. Watu wa Garissa ni wakarimu, na walielewa walivyoelewa. Jioni ile shirika lilijikuta na mabeseni kumi na moja ya kuogeshea watoto wachanga, katoni mbili za sabuni, na kitanda cha mtoto kilichochongwa vizuri sana. Eddo alivipeleka vyote wodi ya wazazi. Aliporudi alimwambia mwenyekiti, kwa heshima, kwamba anayeona haya kuutaja ugonjwa asitarajie mtu kuuchangia. Mwenyekiti akamjibu kwamba basi autaje yeye. Hivyo ndivyo Eddo alivyopanda cheo kutoka kwenye birika hadi kuwa mchangishaji.

Alianza na wanawake. Kwenye arusi, wanawake wakiwa peke yao wakipakana hina, aliomba nafasi ya kuzungumza kabla ya chakula, kwani alisema aliyeshiba husinzia. Aliwafundisha kujipapasa matiti kutafuta uvimbe, kisha akatandaza leso katikati ya chumba. Bangili zilianguka juu yake bila kelele.

Lakini mali ya mkoa huu ina miguu minne, na wenye kuigawa ni wanaume. Kwa hiyo asubuhi moja mwaka 1987 alikwenda sokoni, akasimama katikati ya wauza ngamia. Mmoja alimtania, akamuuliza kama amekuja kutafuta ngamia au mume. Eddo alimjibu kwamba mume hakamuliwi. Walipomaliza kucheka, aliwaambia maneno ambayo bado yanasimuliwa:

"Kila asubuhi mnapapasa kiwele cha ngamia. Mkikuta uvimbe, hamlali. Nani kati yenu amewahi kumuuliza mkewe?"

Mzee Abdikafi Ugas, mfugaji kutoka Ijara, alimwambia kwamba amewaaibisha vya kutosha, sasa aseme anachotaka. Wote walidhani ataomba pesa. Eddo aliomba jambo wanalolijua tangu utotoni: jirani asiye na maziwa huazimwa ngamia wa kukamua, na msimu ukiisha humrudisha pamoja na ndama wake. Basi na wao wawaazime wagonjwa. Akina mama wa Rajo watakamua na kuuza maziwa mjini, maziwa yatampeleka mgonjwa Nairobi, na ngamia atabaki kuwa wa mwenyewe. Mzee Abdikafi alitoa wawili siku hiyo. Wengine walileta mbuzi.

Desturi hiyo ina sharti lake. Mnyama wa kuazima akifa, aliyeazima humpelekea mwenye mali ngozi yenye alama yake, ili ajue kwamba mnyama hakuuzwa wala kuliwa. Kwa miaka kumi Eddo hakulivunja sharti hilo hata mara moja.

Kisha zikaja mvua za mwisho wa mwaka 1997. Mafuriko yalikata barabara, na baada ya maji ikaja homa. Mbuzi walitupa mimba, ngamia wakafa, na watu pia wakafa. Maafisa wa mifugo waliagiza mizoga yote izikwe bila kuchunwa. Akina mama wa Rajo walitaka kuchuna haraka kabla afisa hajafika, maana amana ni amana. Eddo alisimama ukingoni mwa shimo akawakatalia. Ngamia wawili wa Mzee Abdikafi na mbuzi wa watu wengine watano walizikwa na ngozi zao.

Mgonjwa aliyekuwa njiani wakati huo alikuwa Raho, mdogo wake mama yangu. Alikuwa amepata matibabu mawili kati ya sita. Yale manne yaliyobaki yalitegemea wenye mifugo wakubali kuazima tena. Mama alizifua nguo za safari za Raho, akazikunja, na wiki iliyofuata akazifua tena ingawa hazikuwa zimevaliwa.

Barabara zilipofunguka mwezi wa pili, Eddo alikwenda kwa kila mwenye mali, mikono mitupu. Ya Ijara nimesimuliwa mara mbili na Mzee Abdikafi mwenyewe, na mara zote mbili hakujipunguzia lawama.

"Ngozi ziko wapi, walaal?" alimuuliza, yaani dada yangu.

"Nimezizika, pamoja na alama yako."

"Basi nitajuaje kama hamkuwala?"

"Hutajua. Ningekuletea ngozi ningekuletea na homa, na una wajukuu hapa."

Mzee alimwambia kwamba watu wa mjini wamejifunza kula ngamia kwa maneno. Akaingia ndani, akamwacha mgeni nje bila chai hadi alasiri. Anayetujua anaelewa uzito wa jambo hilo. Eddo hakuondoka, na hakubembeleza. Alimpokea mkaza mwana wa mzee mtoto aliyekuwa akilia, akambeba mpaka akalala. Mzee alipotoka alimuuliza mgonjwa ni nani. Eddo akamtajia Raho, na ni binti wa nani, na ni matibabu mangapi yaliyosalia. Mzee alikwenda zizini, akarudi akimvuta ngamia aliyezaa karibuni.

"Huyu ni wa Raho," alisema. "Kuhusu wale wawili, bado nina hasira."

Wanne kati ya wenye mbuzi walikubali kuazima tena. Wa tano alikataa, na mpaka leo haitikii salamu ya Eddo. Hilo ndilo aliloniomba niliruke. Sikuliruka, kwa sababu naamini linamheshimu.

Raho alimaliza matibabu mwezi wa nane mwaka jana. Sasa yeye ndiye anayeuza maziwa ya Rajo sokoni, na daktari amemwambia arudi kuangaliwa kila baada ya miezi sita. Wagonjwa nao wameanza kuja mapema. Mwaka jana mfugaji mmoja alifika kutoka Elwak na mkewe, uvimbe ukiwa bado mdogo kama punje ya mahindi. Alipoulizwa amejuaje, alisema tu kwamba alimuuliza.

Eddo, kwa niaba ya shirika, wagonjwa na jamaa zao, ahsante. Unakwenda Ijara kulea wajukuu na kuchunga mbuzi wako mwenyewe, wasiorudishwa kwa mtu. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, mvua ya kiasi, na majirani wa kunywa nao chai.

Limebaki jambo moja. Kamati bado haijapata wa kushika nafasi yako, kwa kuwa wenye mifugo hawaiazimi ofisi, humwazima mtu. Nimeomba nitumwe wakati wa likizo ya Desemba pamoja na Raho kuomba ngamia wa msimu ujao. Kamati imesema inangoja neno lako. Kwa hiyo nakala hii ya kwanza naituma kwako Ijara leo, ulikotangulia kutayarisha nyumba, kabla hujarudi kwa sherehe, na dereva wa lori ameahidi kungoja jibu. Mzee Abdikafi atakuuliza kama neno langu linatosha, siku nitakayofika kwake bila ngozi. Utamjibu nini?