Shofaje ya Mabukwe

Kona yetu iko nyuma ya msikiti, hapa Rumonge, njia ya soko inapokutana na njia ya kushukia ziwani. Benchi ni ubao wa mtumbwi uliochoka kule Magara, tumeulaza juu ya matofali, na mmoja akiinuka bila kuaga, mwenzake anaanguka. Mimi Mwamini ndiye mwenye birika. Nauza kahawa ya tangawizi na kusikiliza wanaume wakieleza wasiyoyajua, na kama nisingeyapenda maneno yao ningeshahamia sokoni zamani. Asubuhi hiyo walikuwepo watatu wa kila siku. Nasoro, fundi wa pikipiki, tunamwita Buji kwa sababu kila ugonjwa wa moteri kwake ni buji, yaani plagi. Meshaki, muuza samaki, ni Ndagala, kama dagaa: mwembamba na yuko kila mahali. Na mzee Pontiani, aliyekaa kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mingi akarudi na Kiswahili kirefu na gunia la methali, ila hajui ipi inafaa wapi. Huyo ni Muheshimiwa.

Mara jirani yetu Nestori akatokea kwa miguu, uso umekunjamana.

— Nestori, gari iko wapi? — Ndagala akauliza. — Imekufa?

— Haikufa. Iko nyumbani, nimeichomeka ku prizi.

Gari la Nestori tunalijua wote. Kaka yake aliye Ubelgiji ndiye aliyelituma. Lina moteri ya esansi, yaani petroli, na lina betri kubwa inayochajiwa nyumbani kama simu. Likitembea kwa betri husikii kitu, na mbuzi wa mtaa huu wameshanusurika mara nyingi.

— Jana nilienda Buyengero kuchukua mabukwe, — Nestori akasema, — aone mujukuu.

Mabukwe ni mama mkwe. Na Nestori ni mtu wa kizamani: mama mkwe hamtazami machoni, hali mbele yake, wala hawezi kumwambia "sogea kidogo".

— Nilipanda mulima na betri peke yake, esansi hata tone moja haikutoka. Kufika kule juu, ukungu, baridi. Nikawasha shofaje, mabukwe akute ndani muko joto. Papo hapo moteri, vuuu! Ikawaka. Nikazima shofaje, moteri ikanyamaza. Nikawasha tena, vuuu! Nikaiacha vile, maana mabukwe alikuwa anaaga. Akaaga saa muzima.

— Watu ya mulimani wanaaga mupaka kuku, — Buji akasema.

— Halafu kushuka yote moteri inanguruma, na gari inateremuka yenyewe. Niliondoka na litre ine, nimebaki na moja na nusu. Mastesheni ya esansi iko kavu siku ya tisa leo. Saa nane ninamurudisha. Jana nilipanda peke yangu; leo, na mabukwe na mizigo yake, betri inanifikisha karibu, lakini ile kupanda ya mwisho inataka moteri isaidie. Nikiwasha shofaje tena, tunasimama pale mulimani, na mabukwe ndani!

— Basi usiwashe, — nikamwambia.

— Mama Mwamini, mabukwe asikie baridi mu gari yangu?

Akanywa kahawa, kisha akatoa lile lililokuwa linamla kweli.

— Na tangu ashuke mu gari hajanisemesha. Alikula vijiko mbili, akalala. Asubuhi amemuambia Jovita kama atarudi na bisi.

Jovita ni mke wake, na bisi ni basi la abiria.

— Na bisi! Mukwe iko na gari, mabukwe anabanwa na mikungu ya ndizi. Juma lijalo tunapa mutoto jina. Akirudi hivyo, hashuki tena.

Nilimwonea huruma sana, nikamjazia kikombe bila kuombwa.

— Mie najua shida, — Ndagala akasema. — Hiyo gari ilizaliwa Ulaya. Ikisikia baridi ya Buyengero inazani imefika kwao, inaamuka kusalimia.

— Lakini baridi ilikuwako tangu mbele, shofaje bado sijawasha, na moteri ilikuwa imelala.

— Ilikuwa inahakikisha kwanza.

Muheshimiwa akakohoa, na akikohoa hivyo ujue gunia linafunguliwa.

— Vijana, hamuoni lililo mbele yenu. Mtu mzima akiingia, mdogo anasimama. Moteri imesimama kwa ajili ya mabukwe. Hiyo ni heshima tu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hapo nani amepona? — nikauliza.

— Methali haiulizwi, Mwamini.

— Iliwaka mabukwe bado hajaingia, muzee, — Nestori akasema.

— Ilimwona mlangoni.

Tukamgeukia fundi.

— Ni buji, — tukasema wote wanne kabla hajafungua mdomo.

— Leo si buji! — akawaka. — Munisikilize. Mu hiyo gari, joto haitoke mu betri. Inatoka mu maji yenye inapoza moteri. Moteri ikilala, maji iko baridi, utapata joto wapi? Kwa hiyo ukiomba joto, gari inaamusha moteri ipashe maji. Ile klima ya kupoza, hiyo inakula betri, ndiyo sababu huku chini ku ziwa unajipoza na moteri inalala. Kuna magari zingine ziko na shofaje ya umeme. Ya kwako hapana.

Buji akisema jambo la maana tunaogopa kidogo, hatujazoea.

— Basi dawa ni rahisi, — akaendelea, na hapo nikajua tumerudi nyumbani. — Tunaweka mbabula ya Mama Mwamini, ile jiko ya kahawa, nyuma ya kiti, na makaa.

— Mbabula yangu? Makaa ndani ya gari iliyofungwa madirisha? Unamupeleka mabukwe Buyengero ama kaburini?

— Kama ni maji tu, — Ndagala akasema, — tunamimina maji ya moto ya birika mule mu moteri. Tukifika ku kilima, tunasimama, tunachemusha tena.

— Mawazo madogo, — Muheshimiwa akasema. — Kule wanakokamua mawese, yanachemka tangu alfajiri. Mafuta hayapoi upesi kama maji. Tunaweka pipa zima nyuma ya gari, joto mpaka Bururi! Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Pipa ipi? — ikauliza sauti kutoka mwisho wa benchi.

Ilikuwa ya mwanamke niliyempa kahawa muda si mrefu uliopita, Batuli, mchuuzi kutoka Uvira, aliyekuwa anangoja mapipa yake ya mawese yapakiwe. Tulikuwa tumemsahau.

— Zangu muziache, — akasema. — Na munisamehe, mie mupita njia tu. Huyo mama, alisema anasikia baridi?

Ndagala alimtazama Buji, Buji akamtazama Muheshimiwa, na Muheshimiwa akatafuta methali asiipate.

— Alikuwa amevaa mipira mbili, — Nestori akasema. Sweta huku tunaiita mpira.

— Sikuuliza nguo, ndugu yangu.

— Hapana. Hakusema kitu. Alikuwa anajipangusa uso na kitenge. Nikazani analia, anaacha nyumba yake. Nikaongeza.

— Ukaongeza nini?

— Joto.

Batuli akakiweka kikombe chini taratibu.

— Muulize.

— Mimi? Nimuulize mabukwe?

Nestori akanisukumia simu kama inamuunguza. Nikampigia Jovita, nikaweka sauti juu, benchi zima likainama. Tukamsikia akiuliza: "Mama, Mama Mwamini anauliza, jana mu gari ulisikia baridi?" Halafu sauti ya mabukwe mwenyewe, kali na safi.

— Baridi? Yoo, Mana yanje, Mungu wangu! Niliiva! Nikazani mukwe wangu ndiye anasikia baridi, mutu wa ku ziwa hajazoea mulima. Nikasema ninyamaze, mutoto wa watu asipate haya. Lakini mara ya pili sitaweza, nitakufa mule. Ndiyo sababu nilisema bisi. Asikasirike, mumuambie.

Nestori aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha nikatazama vizuri nikaona yote mawili.

— Mumuambie, — akasema, — hata mimi niliiva.

Nikasema, Jovita akafikisha, na kicheko cha mabukwe kikatoka kwenye ile simu hadi wapita njia wakageuka.

— Basi bisi niiache, — akasema. — Afungue dirisha tu. Na juma lijalo aje kunichukua mapema.

Batuli akamaliza kahawa yake akainuka, mapipa yalikuwa yamepakiwa.

— Mulikuwa wawili, wote munaiva, — akasema. — Sasa mupishi alikuwa nani?

Buji akafungua mdomo. Tukamwambia anyamaze. Nami nikalitikisa birika, lilikuwa tupu.

Saa nane gari likapita kwenye kona yetu kimya kimya, nusura limgonge Ndagala. Moteri ilikuwa imelala. Madirisha yote wazi, na mabukwe nyuma, kitenge kinapepea, akatuinulia mkono. Nestori alikuwa kwenye usukani, katika jua lile la Rumonge ambalo hata mbwa wanalikimbia, amevaa mpira wa sufu wa rangi ya waridi uliombana mabegani.

— Mabukwe amenipa! — akatupigia kelele. — Ya baridi ya kule juu!

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni, na sijawahi kumwona amefurahi hivyo.