Constant Katsuva, Aliyeandika Kiingereza Upande wa Ndani wa Kitambaa (1950–2016)

Kila asubuhi saa kumi na mbili na robo, kabla ya kupitisha uzi kwenye sindano, Papa Constant Katsuva aliwasha redio yake ndogo na kusikiliza somo la Kiingereza la dakika kumi na tano kutoka Uganda, ng'ambo ya ziwa. Kisha aliandika sentensi moja kwa chaki ya fundi, upande wa ndani wa kitambaa cha kwanza kilichomngoja siku hiyo. Akikanyaga mashine aliirudia kwa sauti ya chini mpaka nguo ikaisha, na pasi ya makaa ikaifuta. Hakuiacha desturi hiyo kwa miaka karibu saba. Wengi wenu mliopo hapa mmevaa Kiingereza chake bila kujua.

Kamati ya matanga iliniomba wasifu wa nusu ukurasa, ili kwaya ipate nafasi. Mimi Débora, binti yake wa kwanza, nilikataa. Sababu mtaisikia.

Marehemu alizaliwa kwenye machimbo ya Kilo tarehe 12 Machi 1950, ambako baba yake alichimba dhahabu ya watu wengine. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, akapata cheti mwaka 1963, na masomo yakaishia hapo. Mwaka 1966 alipelekwa Kpandroma kwa mjomba wake kujifunza ushonaji. Mjomba alimfanya afumue nguo mbovu kwa miezi minne kabla ya kumruhusu kushona hata mfuko mmoja. Marehemu alipenda kusema kwamba shule yake kubwa ilikuwa ile ya kufumua.

Mwaka 1972 alifungua kibanda chake karibu na soko la Bunia. Tarehe 6 Januari 1973 alimwoa Mama Angèle, wakajaliwa watoto watatu: mimi, Yves, na baada ya miaka mingi Lionel, aliyezaliwa mwaka 1995, wakati mama alikuwa amekwisha kugawa nguo zote za watoto wachanga.

Mei 2003, vita vilipoingia Bunia, mji ulikimbia. Pale ziwani marehemu alimpandisha Lionel kwenye mtumbwi pamoja na mama jirani, akarudi nyuma hatua chache kumshika mkono Mama Angèle aliyekuwa amechoka. Walipogeuka, mtumbwi ulikuwa umeondoka. Mtoto alikuwa na miaka minane. Baadaye ilijulikana kwamba yule jirani alifia kambini Uganda, na kwamba watoto wasio na mtu walichukuliwa na kupelekwa mbali. Mbali wapi, hakuna aliyejua.

Tarehe 4 Novemba 2009, bunduki zilipokuwa zimenyamaza kiasi na mji umejaa magari meupe ya mashirika ya misaada, marehemu aliingia katika bilo, yaani ofisi, moja ya kutafuta watoto waliopotea. Nilikuwa naye. Mbele yake alikaa mzungu asiyejua Kiswahili, na kando yake mkalimani, kijana wa hapa hapa Bunia, mwenye beji shingoni na simu mbili. Marehemu alieleza yote: mtumbwi, jina la jirani, kovu juu ya nyusi ya kushoto, shati la mistari alilomshonea mtoto mwenyewe, namna alivyokuwa akilala huku ameshika sikio lake. Alisema dakika kumi. Mkalimani akageuka, akasema maneno matano ya Kiingereza. Mzungu akaandika mstari mmoja.

“Mwanangu,” marehemu aliuliza, “ile ingine umeiweka wapi?”

“Muzee, nimefupisha. Wazungu hawapendagi maneno mingi.”

Siku iliyofuata alinunua redio.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na soko zima lilipata mchezo. Papa Gérard, muuza viatu wa kibanda cha pili, ambaye leo ameketi mstari wa mbele na tai nyeusi, alikuwa akiwaita wateja waje waone.

“Mukuje muone muzee anasoma kama mutoto wa première primaire! Papa Constant, weye unaenda kushonea Wazungu makoti huko Ulaya?”

“Mutoto wa première hajui juu ya nini anasoma,” marehemu alijibu bila kuinua mguu kwenye mashine. “Miye najua.”

Nami, niliyesoma chuo kwa jasho lake, nilimwambia kwamba lugha ina umri wake. Nataja hilo hapa ili nisiachwe nje ya orodha ya waliomcheka.

Pasaka ya 2011 alishona sare za akina mama wa kwaya, nguo arobaini. Mvua ilikuwa imelowesha chaki, naye akaandika sentensi ya siku kwa kalamu ya wino. Mama Fifi, kiongozi wa kwaya, akayakuta maandishi chini ya kwapa la nguo yake. “Hii iko dawa!” alipiga kelele. “Fundi ametushonea uchawi mu kanisa ya Mungu!” Sare zote zikafumuliwa zitafutwe hirizi, na marehemu akaitwa mbele ya wazee wa kanisa kama mchawi. Hatimaye alipatikana mwalimu mmoja wa Kiingereza wa kuyasoma. Yalisema: *Mtoto wangu ana kovu juu ya nyusi ya kushoto.*

Hakuna mzee aliyeomba msamaha. Walimwuliza tu sare zitakuwa tayari lini. Alizishona upya zote arobaini. Leo mmezivaa tena, na naona zingali zinawakaa vizuri.

Tarehe 12 Novemba 2013 alirudi bilo ile peke yake, akamsimamisha mkalimani mlangoni kwa kiganja, akaongea mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa na viraka, lakini hakikukosa kitu: mtumbwi, kovu, shati, sikio. Safari hii kurasa tatu ziliandikwa. Jumapili tarehe 14 Septemba 2014 simu ililia kutoka Kanada, ambako bilo ilikuwa imempata mtoto. Lionel alikuwa amesahau Kiswahili chote. Mama Angèle alikaa kitako akiuliza, “Anasema nini? Anasema nini?”, na marehemu alimtafsiria neno kwa neno. Mahali fulani akasema: “Hapo amekohoa.” Ikawa hivyo kila Jumapili. Papa Gérard sasa husimulia jinsi alivyomtia moyo tangu mwanzo.

Ugonjwa wa ini ulimwanza Machi mwaka huu. Aliingia hospitali tarehe 2 Agosti na redio yake, na kwa kuwa kitambaa hakikuwapo aliandika ukingoni mwa shuka. Alifariki Ijumaa tarehe 19 Agosti 2016, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Mama Angèle. Watoto watatu, Débora, Yves na Lionel, ambaye karatasi zake za safari hazikufika kwa wakati. Na wajukuu sita. Mungu ampe pumziko lenye amani, mahali ambapo kila mtu husikilizwa mpaka mwisho.

Leo jioni nitampigia Lionel simu, nimsimulie haya yote. Kiingereza changu ni kidogo kuliko cha marehemu, na itachukua muda mrefu. Asubuhi ile ya Ijumaa baba alinishika kifundo cha mkono, akasema:

“Débora, Lionel akiuliza, usimufupishie.”